Buni Moja Nyeusi

Ka. Kimya kidogo. Ka. Kisha mbili kwa pamoja, ka-ka, halafu kimya tena.

Kokushubila alizisikia akiwa amelala ubavu, mtoto mchanga ameng'ang'ania ziwa, giza la alfajiri bado limejaa chumbani. Zilikuwa buni zikidondoka kwenye beseni la bati kule jikoni, nyuma ya nyumba. Shangazi Benigna alikuwa ameamka. Alikuwa anachambua kahawa gizani kwa vidole vitupu, mbovu huku, nzima huku, na kukikucha ukienda kukagua hukuti hata moja iliyokosewa. Wanaochambua kwa taa ya kandili hawakumfikia.

"Kumi na tatu," Kemilembe alinong'ona kutoka upande wa ukutani. "Kumi na nne."

"Kemilembe, hujalala wewe?"

"Ninahesabu za Bibi Benigna."

Kokushubila alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia mdomoni. Binti yake alikuwa na miaka mitano, na tangu ajue kuhesabu hakuacha kitu: migomba ya kibanjani, vifaranga, ngazi za kanisa. Mama mwingine angefurahi tu. Yeye alifurahi na kuogopa kwa mpigo mmoja. Walisema Benigna naye alikuwa mtoto mwerevu kuliko wote pale Izigo, mpaka alipotimiza miaka kumi na tisa, akasimama katikati ya misa na kuanza kujibizana na watu ambao hakuna mwingine aliyewaona. Benigna alikuwa dada wa baba mkwe wake, Ta Rweyemamu. Damu ya Ta Rweyemamu ndiyo iliyokuwa imelala hapo ukutani, inahesabu.

Ilikuwa Alhamisi. Jumapili, Mzee Ndyamukama wa Kashozi angekuja kumposa Domitila, wifi yake mdogo, kwa niaba ya mwalimu mmoja jina lake Apolinary. Na mshenga huja na macho mawili lakini masikio manne. Atauliza ukoo, atauliza mwiko, kisha atauliza kwa kuzungukazunguka kama nyumba ina ukoma, ina kifafa, au ina wazimu. Akigundua kimojawapo, hunywa rubisi yake, husifu migomba, huaga vizuri, na hamumwoni tena.

Ndiyo maana jana yake jioni mama mkwe, Ma Ephrasia, alimwita mjukuu wake magotini.

"Wageni wakikuuliza hapa nyumbani mko wangapi, utasemaje?"

Mtoto aliinua vidole kimoja kimoja. Babu, bibi, baba, mama, mdogo wake, shangazi Domitila, shangazi Felicitas aliyekuja na gari, yeye mwenyewe, Bibi Benigna. "Tuko tisa."

"Mko nane."

"Tisa, Bibi. Umemsahau..."

"Sijasahau mtu. Sema nane."

"Nane," alisema Kemilembe, lakini vidole tisa vilibaki vimesimama.

*

Felicitas alikuwa binti mkubwa wa nyumba hiyo. Alisoma kwa masista, akaenda Makerere, akavuka bahari, akarudi na cheti kirefu ambacho baba yake alikitundika karibu na picha ya Bikira Maria, kisha akakishusha kwa kuwa watu walikuwa wanauliza kinahusu nini naye hakujua la kuwajibu. Watu walimwita daktari, wakamletea majipu na matumbo yanayosokota. Aliwaambia yeye si daktari wa sindano.

"Ni daktari wa nini basi, waitu?"

"Wa hesabu. Naangalia maradhi ya akili katika koo. Nataka kujua yanarithiwa kiasi gani, na ni kiasi gani hayarithiwi."

Katibu kata alilisikia jibu hilo penye mkutano wa mashamba ya kijiji, akacheka mpaka kofia ikamwinamia. "Serikali imekusomesha miaka yote hiyo uje kuhesabu vichaa? Dada yangu, Taifa linataka kahawa na mahindi. Vichaa tunao, hatujaagiza wengine." Watu wakacheka naye. Felicitas alicheka pia, kidogo, kama mtu anayelipa nauli, na siku ile hakula mchana.

Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa katibu kata. Ilikuwa barua ya profesa wake wa Dar es Salaam, iliyokunjwa na kukunjuliwa hadi ikapata nyufa. Familia arobaini, profesa aliandika, na wagonjwa wawili tu. Wodi moja ya wagonjwa wa akili ina watu wengi zaidi ya hao kutoka huko huko Muleba. Ama watu wako hawaugui, ama hawakuambii. Nipe hesabu ninayoweza kuiamini kabla ya mwezi wa tisa, la sivyo utafiti huu tuufunge.

Kokushubila ndiye aliyekuwa mwandishi wake. Alikuwa amejifunza kuandika kwenye ngumbaru, darasa la watu wazima, jioni tatu kwa wiki, mtoto mgongoni na daftari mapajani, na mwandiko wake ulikuwa mviringo na safi kama wa mtoto wa shule. Kisimani wanawake walimtania. "Karibu, karani wa wendawazimu. Mimi umeshaniandika?" Naye alijibu, "Wewe unangoja ukurasa wako peke yako," wakacheka wakatwishana ndoo.

Na yeye ndiye aliyepata njia. Siku moja mwalimu wa ngumbaru aliwafundisha kutoa kwa kutumia buni: weka kumi, ondoa tatu. Kokushubila akamtazama mzee aliyekaa mbele yake, mzee ambaye mchana ule ule alikuwa amemwapia Felicitas kwamba kwao hakuna hata aliyewahi kuumwa kichwa. Mzee huyo alikuwa anaziweka na kuziondoa buni zake bila aibu yoyote.

Usiku ule alimwambia Felicitas. "Wifi, mdomo una haya. Mkono hauna haya. Usiwaulize. Wape kikapu na buni, wampangie kila mtu wa ukoo buni yake. Na wewe uwe na nyingine ulizozipaka masizi, za wale wanaoumwa. Wafunike kwa kanga, wapange wenyewe. Hakuna atakayekuwa amesema neno."

Felicitas alimgeukia. "Nimekaa Ulaya miaka minne," alisema, "na hakuna aliyenifundisha hilo."

*

Ijumaa walikwenda Kagoma. Muhidini, dereva wa kukodi kutoka mjini Bukoba, alikuwa mtu wa maneno. Babu yake alitoka pwani na yeye mwenyewe hakuwahi kuiona bahari, ila aliapa kwayo.

"Dada Felicitas, siku mkija kwetu mnipe kikapu kizima cha nyeusi," alisema akikwepa shimo. "Nianze na mashemeji."

"Mashemeji si damu, Muhidini. Hawahesabiwi."

"Hawahesabiwi? Basi elimu yenu ina kasoro."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mzee aliyeishi peke yake, mgongo umempinda, majivu ya jikoni mpaka kwenye nyusi. Aliwasikiliza, akachukua kikapu, akajifunika kanga juu ya magoti. Walisikia buni zikigusana. Akatoa mkono nje, kiganja wazi, bila kutazama mtu.

"Hizo zilizopakwa," alisema.

Felicitas alimpa tatu. Mkono ulirudisha moja, ukaingia na mbili.

Alipoondoa kanga, zilikuwa zimepangwa safu kwa safu: wazazi juu, watoto chini, wajukuu chini zaidi. Buni mbili nyeusi alikuwa amezilaza pembeni kidogo, zimegusana, kama watoto waliolala kitanda kimoja.

"Sijasema kitu," alisema mama yule.

"Hujasema kitu, Ma," Kokushubila alijibu.

"Haya. Andikeni."

Njiani kurudi Kokushubila alikaa na daftari kifuani. Kwa wiki tatu walikuwa wamezirudia familia zote arobaini, na ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa umepata duara moja jeusi la mwanamke, mraba mmoja mweusi wa mwanamume. Wagonjwa hawakuwa wawili tena. Walikuwa thelathini na mmoja. Na alikuwa na swali alilolibeba tangu siku ya kwanza, akiogopa kuliuliza kwa kuwa likishaulizwa litajibiwa.

"Wifi. Mzazi akiwa anaumwa, watoto wake je?"

"Kwa hesabu zetu mpaka sasa, na za wengine huko nje, katika watoto kumi, tisa ni wazima."

"Tisa?"

"Tisa. Watu hudhani ni kinyume."

"Na kama si mzazi. Kama ni... dada wa babu yake mtoto."

Felicitas aligeuka. Alielewa, na uso wake ukalainika. "Katika watoto mia moja wa namna hiyo, wawili, pengine watatu. Na katika watoto mia wowote tu, wa njiani, ni mmoja. Wingu si mvua, wifi. Kemilembe anapenda kuhesabu kwa sababu ana akili. Acha ahesabu."

Kokushubila aligeukia dirishani, akafuta macho kwa pindo la kanga. Muhidini, kwa mara ya kwanza safari nzima, aliangalia barabara tu.

*

Jumamosi alasiri, akinakili kurasa ili zipelekwe Dar es Salaam, Kokushubila alikuta karatasi kuukuu kuliko zote, ya kwanza kabisa katika jalada. Familia namba moja. Wino wake ulikuwa umefifia. Alisoma majina taratibu, kidole kikipita chini ya kila moja. Rweyemamu. Ephrasia. Kamugisha, mume wake yeye Kokushubila. Felicitas. Domitila. Juu yao wazazi wa Rweyemamu, marehemu wote wawili, na ubavuni mwake ndugu yake mmoja aliyefia vitani. Kila mraba mweupe. Kila duara jeupe. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa Kiingereza, na Felicitas akatafsiri chini yake kwa penseli: ukoo safi, mfano mzuri.

Alihesabu mara mbili: Benigna hakuwemo. Kisha akaibeba karatasi mpaka uani, Felicitas alikokuwa anaosha vyombo pamoja na Domitila. Alingoja Domitila aende kumwaga maji.

"Wifi, na sisi je?"

Felicitas aliitambua karatasi kabla hajaishika. Alikausha mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilikuwa mwanafunzi," alisema. "Kila mmoja aliambiwa achore ukoo wake. Nilikuwa mweusi peke yangu darasani. Nikaona, wakijua kwetu kuna... Nikamwacha. Mwalimu akafurahi, akasema utakuwa mfano wa koo zisizo na ugonjwa. Tangu siku hiyo imekaa mbele ya zote. Nyingine zote zinapimwa kwa hiyo."

"Lakini yeye ndiye aliyekufanya usomee kazi hii."

"Ndiye." Sauti yake ilishuka. "Alikuwa ananisuka nywele. Siku wanamleta amefungwa kamba, alikuwa ananiambia nisilie, atamaliza kunisuka kesho."

Kokushubila alifikiria mama wa Kagoma na mkono wake uliotoka chini ya kanga. Wamewaomba watu arobaini wafanye jambo ambalo msomi wao mwenyewe hakulifanya.

Hapo Ma Ephrasia alitokea jikoni, mkungu wa ndizi begani, amesikia ya kumtosha. Aliushusha mkungu taratibu.

"Hizo karatasi zenu ziishie kwenye gari," alisema. "Zimekunyima mume wewe, Felicitas, sikukulaumu. Zisimnyime na mdogo wako. Huyo Apolinary ni mwalimu, si mlevi, ana baiskeli yake. Mwingine hatokei kesho."

"Mama, sijasema kitu."

"Endelea hivyo hivyo." Akamgeukia mkwewe, na sauti ikapungua ukali, na kwa Kokushubila huko kupungua kulikuwa kuzito zaidi. "Mukamwana, wewe Benigna anakusikia. Kesho kabla ya misa ya kwanza utampeleka kwenye stoo ya kahawa. Mpe gunia achambue, mpe na uji. Funga mlango, ufunguo ukae kwako. Wakishaondoka utamfungulia."

"Atauliza kwa nini, Ma."

"Huwa haulizi." Ma Ephrasia alikata ndizi ya kwanza, na ya pili. "Unadhani mimi napenda? Miaka ishirini na minne namwogesha. Mimi, si hao wa Kashozi."

Jioni Kokushubila alipoingia chumba cha mbele kuwasha taa, alimkuta Felicitas ameinama juu ya kikapu kidogo kwenye rafu, anakifunika kifuniko chake. Alipopokea kiberiti kutoka mkononi mwake aliona ncha za vidole vyake: zilikuwa na masizi.

*

Jumapili nyumba ilinukia majani mabichi. Yalikuwa yamekatwa asubuhi na kutandazwa sakafu nzima, laini chini ya nyayo. Viti vinne viliazimwa kwa jirani, na jirani akavileta mwenyewe ili aone. Kokushubila alikaa karibu na mlango wa nyuma, mtoto mapajani, Kemilembe pembeni, na ufunguo wa stoo umefungwa kwenye pindo la kanga. Kila alipovuta pumzi aliusikia ukimgusa.

Benigna hakuwa ameuliza, kweli. Alipooneshwa gunia stooni alikaa, akalivuta beseni, akasema, "Leo kuna wageni," kama anayemsaidia mtu kumaliza sentensi. Kisha akaanza kazi.

Mzee Ndyamukama alikuwa mrefu, mkavu, koti lake la misa limepigwa pasi mpaka linang'aa. Walisalimiana kwa marefu. Walizungumza bei ya kahawa na mvua isiyoeleweka. Ta Rweyemamu alikuwa akicheka kabla mgeni hajamaliza kusema, jambo ambalo Kokushubila hakuwahi kumwona akilifanya.

Ka, ukuta wa nyuma ulisema. Ka-ka.

Mzee Ndyamukama aliinua kichwa. "Mna mtu anafanya kazi Jumapili?"

"Kuku, waitu," alisema Ma Ephrasia haraka. "Wanadonoa." Akainuka, maana mgeni alikuwa amekaa tayari na bado hajapewa cha kutafuna, na hiyo kwa Mhaya ni aibu kubwa kuliko kuku. Alinyoosha mkono rafuni, akachukua kikapu kilichofunikwa, akapiga goti, akakitoa kwa mikono miwili bila kukifunua, kama inavyostahili. Mwenye kufunua ni mgeni.

Kokushubila aliona ni kikapu gani. Kile cha wageni, chenye akamwani, buni za kutafuna zilizochemshwa na majani ya kunukia, kilikuwa bado rafuni, upande wa pili. Alimtazama Felicitas. Felicitas naye alikuwa ameona. Nusu ya mwili wake ilikuwa imeinuka kwenye kiti, kisha ikabaki hapo, haisimami wala haikai.

Mzee Ndyamukama alifunua. Mkono uliokuwa unakwenda kuchukua ulisimama hewani.

Buni zilikuwa zimepangwa safu kwa safu. Mbili juu. Tatu chini yake, na ya nne ubavuni. Tatu tena, na mbili ndogo mwishoni. Katika zile za safu ya pili, moja ilikuwa nyeusi.

"Mpango huu naujua," alisema mzee polepole. "Mwezi uliopita nilipewa kikapu kama hiki pale kwangu, na binti huyuhuyu."

"Imeungua, waitu," alisema Ta Rweyemamu. "Jikoni. Wanawake wanapiga soga, kahawa inaungua."

"Moto uchague moja, Rweyemamu?"

Domitila, aliyekuwa ameketi chini amejitanda, aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa magoti. Ka, ukuta ulisema. Kokushubila alisikia ufunguo ubavuni kwake kama kaa la moto. Alijua kwamba bado palikuwa na nafasi. Felicitas angeweza kusema ni ukoo wa watu wengine, wa Kagoma, kazi tu, samahani mzee, wamechanganya vikapu. Ungekuwa uongo mwepesi, na ungeaminika.

"Ni ya shangazi yangu," Felicitas alisema. "Dada wa baba. Anaitwa Benigna. Ameugua tangu mwaka wa arobaini na tisa. Domitila hana ugonjwa huo, nami sina, wala kaka yetu hana. Katika watoto kumi wa mgonjwa mwenyewe, tisa ni wazima, na sisi si watoto wake. Hiyo ndiyo kazi yangu, mzee. Nilipaswa kuianzia hapa, sikuianzia."

"Yuko wapi?"

Ma Ephrasia alikuwa bado amepiga goti, mikono imebaki wazi kama bado imeshika kikapu. Hapo Kokushubila alisimama. Hakuna aliyemtuma. Alimkabidhi Domitila mtoto, akafungua fundo la kanga, akatoka kwa mlango wa nyuma, na wote waliokuwa ndani walisikia kufuli likifunguka.

Benigna aliingia akiwa na vumbi la kahawa mpaka kwenye viwiko. Kitenge chake kilikuwa safi. Ma Ephrasia alikuwa amekifua. Aliwatazama watu mmoja mmoja, akamkwepa mmoja ambaye hakuwepo, akaketi kwenye majani miguuni mwa mgeni kwa kuwa ndipo kikapu kilipokuwa. Akakivuta.

"Shangazi," alianza Felicitas.

"Mwache," alisema Mzee Ndyamukama.

Vidole vilifanya kazi viliyoijua. Buni ya kwanza, nzima, huku. Ya pili, nzima, huku. Alipoifikia ile nyeusi aliiinua, akaigeuza, akaisugua kwa kidole gumba. Masizi yakahamia kidoleni. Akaibonyeza kwa ukucha, akaisikiliza karibu na sikio, halafu akaiweka pamoja na nyingine.

"Nzima," alisema. "Imechafuka tu."

Mzee Ndyamukama alikitazama kidole kile chenye masizi. Alipozungumza, alimwambia Felicitas, na hakumwangalia.

"Daktari. Ile karatasi yangu ya Kashozi ina pengo. Mdogo wangu. Sikumweka hata nyeupe." Alisafisha koo. "Mtakapopita tena, niletee kikapu."

"Nitaleta, mzee."

"Na wewe, Rweyemamu, sikuahidi kitu. Baba yake Apolinary ni mtu mgumu. Nitampelekea habari kama nilivyoikuta, na hiyo tisa katika kumi nitampelekea, nikiweza kuikumbuka vizuri. Kijana mwenyewe ni mwalimu, hesabu anazijua." Alinyoosha mkono, akachukua ile buni yenye mabaki ya masizi, akaitia kinywani. Wote walisikia ikipasuka. Ilikuwa haijachemshwa, chungu, ngumu, lakini aliitafuna.

Ma Ephrasia aliinuka kwa kujishika magoti. Alikwenda rafuni akaleta kikapu cha wageni, kile cha haki. Alimpa mzee kwanza. Kisha, baada ya kusita kidogo, alimpelekea wifi yake pale chini kwenye majani. Benigna alichukua mbili, moja akaitafuna, moja akaifunga kwenye pindo.

Mzee alikuwa sasa anamtazama Kemilembe, ambaye tangu mwanzo hakuwa amekiondolea macho kikapu.

"Nasikia wewe unajua kuhesabu."

Mtoto aliitikia kwa kichwa.

"Haya niambie. Hapa nyumbani mko wangapi?"

Kemilembe alimtazama bibi yake. Chumba kizima kikamtazama bibi yake. Ma Ephrasia alisimama na kikapu mkononi, midomo imebana. Akainamisha kichwa, mara moja, kumruhusu.

Mtoto aliinua vidole vyake vyote, akakunja kimoja.

"Tuko tisa."